Mguu wa Cherehani

Gari nililolitoa kwa mkopo wa chama
ni Passo, rangi ya maji ya ukwaju.
Kila nikizungusha ufunguo
hunisalimu kwa Kijapani,
nami huitikia. Adabu haichagui lugha.

Halina klachi. Twaha, mtoto wa kaka yangu,
alinipa habari hiyo kama aniletea posa:
"Shangazi, hili linajiendesha.
Tia D, kanyaga mafuta, basi."

Nikakanyaga mafuta.
Ikawa si basi.
Tuliruka kutoka lango letu la Maweni
kama mbuzi aliyeonyeshwa kisu.
Nikaogopa, nikaachia, likazubaa.
Nikaona haya, nikakanyaga tena,
na kichwa cha Twaha kikawa chaitikia
naam, naam, naam,
wala hakuna aliyemuuliza neno.

Karisa wa tuktuk akapunguza mwendo ubavuni:
"Mama, gari lina kwikwi! Lipe maji!"

"Pole pole," Twaha akasema,
kisha akasema kwa sauti,
kisha akaomba dua.
Lakini pole pole ni neno la mdomo.
Mguu hauna masikio.

Usiku nikakaa na gauni la Dama Katana,
shifoni, la harusi ya Jumamosi,
kitambaa ambacho ukikipigia chafya kinakimbia.
Chini ya meza, pedali ya cherehani ya umeme.
Miaka kumi na tisa sijauambia mguu wangu kitu.
Kisigino sakafuni. Vidole vyaegemea tu,
kama mtu aliyeegemea mlango
akisikiliza kama mtoto ameshalala.
Mota huguna kwanza, ndipo sindano ishuke.
Ukikurupuka, shifoni yamezwa.
Ukiachia kwa woga, uzi wafanya vifundo.

Nikasimamisha mkono.
Nikautazama mguu
kama mgeni aliyekaa kwangu siku zote
na leo ndiyo kwanza anataja jina.

Na huu wa kushoto?
Kwenye cherehani ya mama, ile ya kukanyaga,
miguu yote miwili ilikula jasho lake.
Nilipoleta ya umeme, wa kushoto
ulitafuta kazi mwezi mzima chini ya meza.
Ndio huo huo uliojitolea jana
kusaidia breki, bila kuombwa,
nusura Twaha atoke kwa kioo.
Nikauambia: kaa, mzee wangu. Umestaafu.

Alfajiri nikavua kandambili.
Gari likanisalimu, nikaitika.
D. Nikaachia breki, nisifanye lolote,
nalo likaanza kutambaa lenyewe,
kumbe lilikuwa lataka kuachwa tu.
Kisha vidole vikaegemea.
Injini ikaguna. Nikaingoja.
Barabara ya Lamu ikaanza kupita
kama pindo refu lisilo na haraka.

Tuta nililiona kwa mbali:
kona ya kola.
Huifikii kona ndipo ukumbuke kupunguza.
Nikauinua mguu mapema, kidogo, kidogo tena,
tukapanda, tukashuka,
na gauni la Dama kwenye ndoano ya nyuma
likatikisa ncha ya mkono mmoja tu.

Kwenye daraja la Sabaki,
mto ukiwa mwekundu kwa udongo wa bara,
nikageuka nipate sifa zangu.
Mwalimu amelala.
Kinywa wazi, simu pajani,
kichwa kimetulia, hakikubali wala hakikatai.

Sikumwamsha.
Mambrui tukafikisha gauni, tukapewa mahamri,
akala, akalala tena.

Wakati wa kurudi, karibu na mjini,
Karisa akachomoza tuktuk yake bila taa,
na mguu wa kushoto, mstaafu,
ukaruka kama mbwa aliyesikia jina lake.
Mkanda ukamkaba Twaha. Mahamri yakamwagika.
Akafumbua jicho moja.
"Tumefika?"
"Bado," nikamwambia. "Lala."